Kengele ya Baba Pacha

"Likipita, nataka hata viziwi wageuke," alisema Mama Pacha.

Fundi alimtazama, akaitazama amplifaya mpya mikononi mwake, kisha akaligeukia lile gari dogo la mkono wa pili. Alikuwa amezoea vijana wanaotaka kutikisa vioo vya majirani. Mama mtu mzima, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni, anayetaka kumfungia mumewe muziki wa kuamsha mtaa, huyo alikuwa mgeni kwake.

"Ni zawadi?"

"Zawadi," alijibu Mama Pacha, akicheka kwa meno tu.

Fundi akaanzia kwenye betri, kama kawaida yake. Akalegeza nati, akauchomoa waya wa hasi, na gari zima likafa: taa, saa, redio. "Ukichezea nyaya betri ikiwa hai, umeutafuta moto mwenyewe," alisema. Halafu akavuta mlango wa abiria. Ukagoma. Akavuta tena.

"Uinue kwanza, ndipo uvute," Mama Pacha alimwelekeza. "Tumelinunua na maradhi yake hayo. Hata mimi lilinisumbua mpaka nikalizoea."

Zulia lilikuwa limeshakunjwa, na waya mnene umeshatambaa kutoka kwenye betri hadi kwenye buti, Kidoti aliposhuka kwenye pikipiki. Huyu ndiye shoga wa Mama Pacha tangu wakiwa shule. Siri za ndoa ile alizijua kuliko mshenga.

"Mwenzangu, ndilo hili? Nalisikia tu, leo ndiyo nalisogelea!" Akachungulia ndani. "Na minyaya yote hii ya nini?"

"Namfunga paka kengele."

"Paka gani tena?"

"Baba Pacha ana mwanamke."

Kidoti akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Anaaga anakwenda kikaoni. Kikao gani kisicho na siku wala ajenda? Anarudi ananukia marashi ambayo mimi sina. Kiti cha mbele nakikuta kimelala chali. Kiti nacho kinachoka, shoga? Anajibanza na hili gari kwenye vichochoro, kimya, wala huwezi kujua yuko wapi. Sasa mtu wangu namjua. Ukimpa muziki mnono, mkono wake hautulii, lazima afungulie. Akifungulia tu, mji mzima utanipigia simu: mumeo yuko huku ananguruma. Nami nitakwenda kwa miguu yangu, nikiifuata besi."

Fundi, kichwa kikiwa chini ya dashibodi, alikigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Mh! Wewe siyo mke, wewe ni serikali," alisema Kidoti. "Lakini una hakika?"

"Ni yule mrefu wa saluni. Huoni anavyomchekea? Nikimkamata, nywele anazowasuka wenzake ataziokota zake barabarani."

"Huyohuyo!" Kidoti akadakia. "Ana macho ya njaa yule. Ila nikushauri, hilo dude usilifunge. Utamzidishia mumeo majivuno, wasichana wayafuate hayo makelele kama nzi. Wewe mpikie vizuri, mchekee, atatulia."

"Nimpikie mimi, ashibe mwingine?"

Jua lilikuwa kali. Kidoti akazunguka upande wa abiria, akaufungua mlango kwa mkono mmoja, akaketi miguu ikiwa nje, akijipepea kwa kipande cha boksi la spika. Mama Pacha akaegemea paa. Sauti yake ikashuka.

"Kupigana sitaki, nasema tu. Nataka nimjue. Usiku nalala naye, nahesabu wanawake wa mtaa mzima kichwani, nawachukia hata wasio na kosa. Nikishamjua mwenyewe, nitaamua kubaki au kufunga virago. Kutojua ndiko kunakonila."

"Pole, shoga yangu." Kidoti alimshika mkono. "Siku utakayomkamata, mimi nitakuwa pale pale ubavuni kwako."

Fundi akaibuka, jasho likimtiririka. "Mama, redio sikuigusa, ni ileile iliyokuja na gari. Nimeichukua sauti nyuma yake, nikaipitisha kwenye amplifaya. Inaingia nyembamba, inatoka imenenepa." Akaurudisha waya wa betri, akaukaza, akaingia kwenye usukani na kuzungusha ufunguo. Kioo cha redio kikawaka buluu.

"Haya, nani ana simu yenye nyimbo tujaribu?"

Mama Pacha akatoa kisimu chake cha vitufe.

"Hicho hakiimbi, mama. Dada, wewe?"

"Yangu imeisha chaji," alisema Kidoti. Alikuwa ameshasimama, mkoba ameukumbatia kifuani. "Tena shoga, acha mimi niwahi, nimeacha nguo kwenye kamba."

"Nguo na jua hili? Ngoja umsikilize shemeji yako anavyonguruma!" Mama Pacha alimdaka kiwiko.

"Basi tutumie yangu," fundi alisema, akaanza kujipekua mifukoni.

Hakuwahi kuitoa. Wimbo wa mapenzi ulilipuka kwenye spika, mabati ya gereji yakatetemeka, na kunguru wakaruka juu ya paa. Mama Pacha akapiga makofi kwa furaha. Fundi alipunguza sauti kidogo, akasoma jina lililotokea kwenye kioo cha redio, kisha akamtikisia yule mgeni kidole, akicheka.

"Dada Kidoti, mbona chaji unayo! Na wala hukuwa na haja ya kuitoa: simu yako gari hili limeshaizoea, imejiunganisha yenyewe."