Kanda ya Mama Ndeti

Kanda ilikuwa imezunguka karibu nusu saa Mama Ndeti aliposema, "Tukamzika baba yake Ndeti Machakos, Jumamosi, mvua ikinyesha."

Akajiziba mdomo. Kijitaa chekundu cha mashine ya kurekodi kiliendelea kuwaka mezani, kati ya vikombe viwili vya chai.

"Nimesema nini?" akanong'ona.

Lydiah hakujibu. Ndivyo alivyofunzwa. Bwana Njogu, mtafiti aliyemwajiri, alikuwa na swali moja tu la kuwauliza wanawake wa mtaa wa Kaloleni: nisimulie maisha yako tangu mwanzo. Baada ya hapo, kimya. "Usimkate maneno," alimwambia. "Kimya kikizidi, mtu hukijaza mwenyewe." Lydiah, mwenye cheti kipya cha masomo ya jioni, alikuwa amekitumia kimya hicho kwa wanawake thelathini na mmoja. Hakikumwangusha hata mara moja.

Sasa kilikuwa kimefanya kazi tena.

Nyumba za safu hizi ziliandikishwa kwa jina la mume. Mume akifa, karani wa nyumba huja na barua, na mjane hufunga virago. Kwenye karatasi za utafiti majina yangebadilishwa, lakini kila kanda ilianza kwa Lydiah kutamka tarehe na namba ya nyumba. Na karani ndiye aliyetoa kibali cha utafiti. Sharti lake lilikuwa moja: kanda zote azisikilize yeye kwanza, Ijumaa. Yaani kesho.

"Mama Wanyoike," Mama Ndeti alimwambia Lydiah, "nina watoto wanne, wote wako shule hapa. Huko nyumbani mashemeji wamekwisha kugawana shamba. Nikitolewa hapa, basi ni vibanda vya Mathare, pale kando ya mto."

Mtoto alikohoa mgongoni mwa Lydiah. Lydiah akamtikisa kidogo, kisha akabonyeza kitufe. Kanda ikasimama.

"Majirani wanajua?"

"Wanajua nilikwenda kumzika mama mkwe. Mume wangu, nawaambia yuko shifti ya usiku, mchana amelala."

Lydiah akatazama mlangoni. Buti za kazi zilikuwa zimepangwa kizingitini, zinang'aa kwa kiwi. Alikuwa ameziona akiingia, akazitazama mara mbili hata kabla hajakaribishwa kiti.

"Na wako?" Mama Ndeti akauliza.

"Wangu pia ni wa shifti ya usiku."

"Kazi mbaya hiyo. Mtu haonekani."

"Haonekani kabisa."

Kwa muda Lydiah alikaa na kidole juu ya kitufe. Bwana Njogu alikuwa amemwahidi kwamba kitabu kikitoka, jina lake litakuwemo, ukurasa wa mbele. Alishamwambia hata mtoto. Na Bwana Njogu alitaka ukweli, si kitu kingine.

Akairudisha kanda hadi mwanzo.

"Tunaanza upya. Hii mpya itaifuta ile."

"Kwa hivyo nidanganye?"

"Simulia tu. Jana alikula nini?"

"Muthokoi wa mahindi na maharagwe. Akala, akashukuru, akalala."

"Hapana. Mume aliye hai hulalamika, Mama Ndeti. Mpe neno la kulalamika."

Mama Ndeti akapangusa macho kwa ncha ya leso, na ghafla akacheka. "Basi aliniuliza kama maharagwe yale niliyapika au niliyaonyesha moto tu."

"Huyo ndiye."

Lydiah akatamka tarehe na namba ya nyumba. Katika kanda hiyo mpya baba yake Ndeti alirudi alfajiri, akagombana na redio, akakoroma mpaka watoto wakamcheka, akaahidi kupaka dirisha rangi na asilipake. Mama Ndeti alisimulia mpaka upande wa kwanza ukaisha. Mwishoni sauti yake ilikuwa laini, kama ya mtu anayemfunika mwenzake blanketi.

Wakati wa kuagana, Lydiah aliinama kizingitini, akageuza buti moja.

"Usizipake kiwi kila siku. Na tazama huku chini: vumbi kavu, na mvua imenyesha siku tatu. Karani ana macho."

"Haya! Kumbe chuo kinafundisha mpaka uongo?"

"Ukisikiliza watu, unajifunza," alisema Lydiah, akakaza leso ya mtoto na kushika njia.

Kwake kulikuwa upande wa pili wa ukumbi wa mtaa. Jua lilikuwa linashuka juu ya mabati, na tope la barabarani lilishika viatu. Bombani alimkuta jirani yake Jawahir akijaza debe.

"Mama Wanyoike! Mzee ameamka?"

"Ameamka na kisirani. Ati chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe."

"Wanaume hawa!" Jawahir alicheka mpaka maji yakamwagika.

Lydiah akaingia ndani. Akamlaza mtoto, akaweka mashine juu ya kabati, akavuta buti za kazi kutoka uvunguni mwa kitanda. Akasubiri nyuma ya pazia mpaka Jawahir akaondoka na debe lake.

Kisha akatoka, akachutama penye tope, akaingiza mkono mmoja ndani ya kila buti. Akazitembeza polepole, hatua ya kushoto, hatua ya kulia, kama alivyofanya kila mvua iliponyesha tangu mazishi ya mumewe.