Mwenye Kuleta Anaonja

Mwakilishi wa kampuni ya kigeni aliweka chupa mezani kwa Orpa, mama muuza munkoyo. Ilikuwa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, lakini ya kiwandani, na jina la Orpa limebandikwa juu yake kwa herufi nyekundu.

"Kampuni yetu hawaijui hapa Likasi, maman, lakini jina lako kila mutu anajua. Tia signature tu. Tutatengeneza siye, weye utapumzika."

Kupumzika. Mikono ya Orpa ilikuwa imechoka tangu zamani kwa kuponda mizizi na kukoroga mapipa ya uji wa mahindi. Akashika kalamu. Hata sharti la mkataba, kwamba asiuze tena munkoyo yake mwenyewe, halikumuuma tena; alitaka kulala tu.

Kwanza akafungua chupa, akamimina kikombe, akakisukuma upande wa mgeni. Povu lilikuwa jeupe mno.

"Kwetu mwenye kuleta kinywaji anaonjaka wa kwanza."

Mwakilishi alicheka. "Ah, non, maman. Minye sinywake hii. Iko ya batu ba soko."

Orpa alilitazama povu. Lilikuwa bado halijapasuka.

Akaweka kalamu chini, akaanza kubandua jina lake kwenye chupa kwa ukucha, taratibu, maana kesho ilikuwa siku ya kuponda mizizi.