Kipimo Hakijasema

Vyombo vilimwagika kabatini, ukuta ukapasuka hadi darini, na Rutashobya akabaki kochini kama gunia la mkaa.

"Baba Kemi, toka!"

"Kipimo hakijasema," akamjibu mkewe. "Unataka tuvunje sheria?"

Kokubanza akamsonya. Mwanamume mzima, eti anasubiri kidude cha serikali kilichofukiwa sakafuni kimwambie kama nyumba yake inatikisika! Akambeba mtoto, akakimbilia barabarani. Mtaa mzima ulikuwa ndani, unamchungulia madirishani.

"Mazuzu wakubwa nyie!"

Ndipo vipimo vya nyumba zote vikatangaza kwa pamoja: "Hakuna tetemeko. Mtikisiko umesababishwa na mtu mmoja aliyekimbia."

Chini ya dari zilizopasuka, majirani wakamsonya. Rutashobya akainuka, akaenda mlangoni, akatia komeo.