Sikio Mlangoni

Mama Profesa alitolewa nje ya usaili, maana aliyeomba kazi ya utafiti katika chuo chao cha udaktari alikuwa bintiye wa kumzaa. Akabaki koridoni, sikio mlangoni, chai ikipoa mkononi.

"Na hizi seli zilizogoma kufa kwa dawa yako, sababu ni nini?" mkuu wa jopo aliuliza.

Mama akauma mdomo.

"Sijui, Profesa," binti alijibu bila kutetereka. "Nipeni maabara niitafute."

Kicheko kikalipuka, kisha makofi. Chai ilimmwagikia mama viatuni, wala hakuhisi.

Mkuu wa jopo akafungua mlango. "Mama, si tulikwambia ukae mbali?"

"Yule ni wangu," alisema, akijifuta machozi.

"Alikuwa wako. Sasa ni wetu."