Povu Ndani ya Kabureta

Mashine ya kukata nyasi iliwaka, ikakohoa kidogo, ikazima. Fundi alikwisha kusafisha plagi na kukung'uta chujio la hewa, lakini hali ilikuwa ile ile.

"Labda imezeeka kama mimi," alisema mwenye mashine, mzee aliyeketi barazani, kifua kingali na bendeji ya upasuaji wa moyo. "Itengeneze tu, fundi. Nyasi zinanicheka, nataka nizikate mwenyewe."

Fundi akafungua kabureta, akamimina kiganjani petroli iliyokuwemo. Petroli ikayeyuka hewani, yakabaki maji. Aliyasugua kwa kidole gumba, yakateleza, yakafanya povu jeupe lililonukia sabuni ya vyombo.

Akainua macho. Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ikimchuruzika maji. Alitikisa kichwa polepole, huku macho yakimsihi.

Fundi hakuwa mtu wa kudanganya wateja. Alijifuta kiganja kwenye suruali, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Mzee, kabureta imekwisha," alisema. "Itabidi niondoke na mashine. Na kipuri chake hakipatikani upesi."

"Haya, baba. Ndiyo hivyo," alijibu mzee.

Mkewe akashusha pumzi, akarudi ndani.

Mzee alingoja mpaka sufuria ziliposikika zikigongana kwenye karai, ndipo akamwinamia fundi.

"Kaa nayo hata mwaka," alinong'ona. "Ila usimwambie kwamba nilimwona akiyamimina yale maji ya vyombo."