Diski Zisizolia

Protasi aliigonga diski ya tatu kwa ufunguo wa gari, akaiweka sikioni, akasikiliza.

"Ndugu yangu," Shaban alimwambia kutoka nyuma ya kaunta, "unachagua breki au kengele ya kanisa?"

Duka la Shaban la vipuri, pale Lusahunga, limezoea madereva wa malori, watu wenye haraka na wanaojua wanachotaka. Protasi hakuwa na haraka. Alikuwa amekwisha kuzikataa diski zenye matundu, zile za kung'aa ambazo vijana huzipenda, na Shaban mwenyewe alimuunga mkono: hizo ni za watu wa mashindano, ukiteremka nazo milima ya Ngara kila siku zinapata nyufa. Zilibaki aina mbili. Kulikuwa na mpya, nene, zenye njia za hewa katikati, zinazokamata kimyakimya. Na kulikuwa na mtumba, ambazo Shaban alikiri bila aibu kwamba zina makovu na zitapiga kelele kama hizo za zamani zilizomo garini.

"Hizi mtumba ndizo anazotaka mke wangu," Protasi alisema.

"Anataka zinazolia?"

"Akisikia breki zinalia kona ya juu, kwetu Kanazi, anajua nimefika. Anapakua chakula kikiwa cha moto." Alisema hivyo kwa majivuno.

Shaban aliacha kufuta vumbi. Alikuwa mtu mwema, ila umbea ulikuwa kwenye damu.

"Kutoka kona hiyo hadi nyumbani ni mwendo gani?"

"Mtu anaweza kumaliza sigara."

"Na mchana mkeo anabaki na nani?"

"Na mama yake tu. Mgonjwa wa miguu, hajainuka kitandani tangu Pasaka. Mimi hata sura yake siijui vizuri, kwa desturi ya kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani. Nanunua maziwa na nyama ya supu, mke wangu anamwingizia chumbani."

"Kwa hiyo shahidi pekee yuko kitandani." Shaban alitazama dari. "Mimi sijasema kitu. Ila mke anayetaka kulisikia gari likiwa bado mlimani... Mimi sijasema kitu kabisa."

Protasi alicheka, na kicheko kikamwishia mdomoni. Alimpenda mkewe, Bonifasia, kuliko alivyowahi kumwambia.

"Nifungie mpya," alisema.

Fundi alizifunga pamoja na pedi zake, na Protasi akashika njia. Njia nzima alijilaumu kwa kumsikiliza mmbea, na njia nzima hakupunguza mwendo. Alipofika kona ya juu alikanyaga breki. Gari likatii bila hata kuguna. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Protasi alitamani kuwa ameuziwa bidhaa mbovu.

Aliegesha nyuma ya migomba. Redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kupitia dirishani alimwona Bonifasia akipiga makofi na kucheka, kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu walipokuwa wachumba. Katikati ya sebule mtu alikuwa akicheza, mgongo umeelekea dirishani, mabega yanatikisika, miguu inapiga sakafu hadi vikombe vinagongana kabatini. Alikuwa amevaa koti la Protasi, lile la Krismasi. Kofia pia ilikuwa ya Protasi, na bia iliyobaki nusu mezani ilikuwa ya Protasi.

"Basi, inatosha!" Bonifasia alisema huku akicheka. "Leo akikukuta je?"

Mchezaji alitikisa bega tu, kana kwamba mwenye nyumba si mtu wa kuhesabiwa.

Protasi alirudi garini, akachukua spana ya magurudumu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Akaupiga mlango teke.

Bonifasia alipiga yowe, akajirusha katikati yao, mikono ameitanua. "Protasi, usimtazame! Nakuomba baba, usimtazame!"

"Nitamtazama vizuri sana!" Spana ilikuwa juu. "Wewe! Vua kofia hiyo!"

Mchezaji hakuivua. Aliivuta hadi puani, akajifunika koti gubigubi, kisha kwa sauti nyembamba ya kikongwe akasema:

"Mkwe wangu, geukia ukutani kama desturi inavyotaka, nipite nirudi kitandani nikaendelee kuumwa."