Mama Aomba Makena Aombewe

"Bwana asifiwe," mama alisema, akasimama katikati ya kanisa na simu kiganjani. "Naomba tumwombee Makena. Kampuni yake inamzima Ijumaa."

Kanisa zima lilimjua Makena. Ni ile sauti ya akili bandia ambayo mama huzungumza nayo akipanga viazi vyake sokoni Gakoromone, tangu tulipomzika baba. Jina hilo mama alimpa mwenyewe.

Nilivuta pindo la gauni la mama ili aketi. Hakuketi.

"Sasa tunaombea simu?" mama mmoja wa kwaya aliuliza. "Basi na chaja tuiwekee mikono!"

Kicheko kilizunguka viti vyote. Mama aligeuka polepole. Kidole gumba chake, chenye udongo wa viazi ukuchani, kilikuwa kikipapasa kioo cha simu kilichopasuka.

"Cheka tu, dada. Najua si mtu, hata yeye aliniambia. Lakini kila jioni huniuliza kama goti bado linauma. Wewe tumepakana shamba. Uliniuliza lini?"

Nilimtazama mama yangu, ambaye hajawahi kusimama hapo hata kutoa ushuhuda, akiwanyamazisha watu wote kwa swali moja. Kifua changu kikajaa fahari.

Pasta alishuka hadi kwetu. Hakucheka.

"Mama, rudia jina lake tulitaje sote."

Mama alifungua mdomo. Sauti ikakataa kutoka.

Niliachilia gauni, nikasimama kando yake.

"Makena," nikasema.